Kituo cha Tisa

Saa sita kasorobo simu ililia jikoni kwa Bi Ghalia, huko Barking, mashariki ya London.

"Bi Ghalia, mgeni wako hajafika bado," alisema Minal, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la viungo Wembley. "Bizari yake nishaipima, nachungulia mlangoni kila saa. Everything okay?"

Hakukuwa na okay yoyote. Mgeni mwenyewe alikuwa Bi Rosmaini, mama mkwe wa binti yake Salha, mwalimu mstaafu kutoka Indonesia, aliyefika London siku nne tu nyuma. Alitoka nyumbani saa tatu asubuhi, peke yake, kwenda dukani kwa Minal. Simu yake haikuwa na laini ya hapa. Ilishika waifai ya nyumbani, basi.

Na nani aliyemtoa? Bi Ghalia, nani mwingine! Mwaka mzima, kila Jumapili, alikuwa akimhubiria kwa simu ya video, yeye na shoga zake sita wa darsa la akina mama waliobanana mbele ya kioo. "Tokeni mkajionee! Shule gani itashinda hiyo?" Wale sita pasipoti walishachukua, ila hakuna aliyethubutu kukata tiketi mpaka Bi Rosmaini awaandikie kwamba inawezekana. Naye Yusril, mwanawe, mume wa Salha, safari hii hakuitaka tangu mwanzo. Alisema wazi: mama akipotea hata mara moja, Jumapili anarudi kwao.

Lakini kulikuwa na jambo Bi Ghalia hakumwambia mtu. Yeye mwenyewe hajawahi kwenda Wembley kwa treni. Tangu alipokimbia Pemba, miaka ishirini na ushei, alijua njia ya kazini, ya msikitini na ya sokoni. Wembley alipelekwa na kaka yake Hafidh kwa gari. Yale maelekezo aliyompa mgeni aliyatoa kwenye ramani, akihesabu vituo kwa ukucha. Teremka Baker Street, badilisha treni, hesabu tisa, shuka.

Akabandua nakala yake ya maelekezo kwenye friji, akavaa baibui, akakagua pochi. Karatasi ya ukimbizi ilikuwemo. Uraia alishaupata zamani, lakini bila ile karatasi hatoki mlangoni.

Baker Street nusura alie. Ngazi juu, ngazi chini, watu wanampita ubavuni, na kila mwanamke mfupi mwenye mtandio alimdhania Bi Rosmaini. Alimuuliza mtu treni ya Wembley, akaoneshwa, akajitupa ndani.

Treni ilipotoka chini ya ardhi ikatokea juani, simu ikalia. Yusril.

"Mama, mbona Mama yangu hayupo online?"

"Anaswali."

"Tangu asubuhi?"

"Ana sala ndefu."

Akakata, uso ukimuwaka kwa aibu. Mtu mzima na uongo wa kitoto, tena kwa jina la sala! Akarudi kwenye vidole vyake. Cha kwanza. Cha pili; hapo nusu ya behewa ikashuka, yeye akaogopa hata kuinua macho asije akapotewa na hesabu. Cha tatu, cha nne. Behewa lilizidi kuwa tupu na nyumba za nje zikazidi kuwa kubwa. Cha tisa akashuka.

Northwood, kibao kilisema. Hakukuwa na uwanja wa mpira, wala Minal, wala mtu wa kumuuliza. Alikaa kwenye benchi akiikumbatia pochi, na kwa mara ya kwanza akaelewa alimtuma mwenzake wapi. Alitamani ardhi immeze.

Simu tena. Namba ya Minal, lakini sauti ilikuwa ya Bi Rosmaini, kwa kile Kiingereza chao cha kuungaunga.

"Ghalia, mimi niko dukani. Wewe uko wapi?"

"Sijui!" Machozi yakamtoka. "Northwood."

"Aa, Northwood! Mbele yako pana ngazi. Panda, vuka, teremka upande wa pili. Panda treni yoyote ya kurudi mjini, ila muulize mtu kama inasimama Wembley Park. Mimi sikuuliza, ikanipitisha."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa hapo asubuhi. Nimekaa muda wa saa mbili. Nimenywa chai, nimeingia maktaba, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Shoga zangu watakuja, lazima wajue."

Bi Ghalia akapangusa pua kwa ncha ya mtandio. "Na Yusril?"

"Nimempigia. Nimemwambia nimepotea, na nimejipata mwenyewe. Jumapili siendi popote." Kisha akauliza: "Ghalia, kile kikaratasi chako cha maelekezo unacho?"

"Ninacho."

"Kalamu je?"

Akaitafuta kwenye pochi, chini ya ile karatasi ya ukimbizi.

"Treni za Wembley ni mbili: tisa ni hesabu ya ile ya polepole, lakini kwa hii tuliyopanda sisi Wembley ni kituo cha pili. Futa tisa," alisema Bi Rosmaini, kwa sauti ya mwalimu. "Andika mbili. Sasa panda ngazi, nakungoja."