Watu wa Mshipani

Jumapili ya mechi, Mwamvita alikuwa uani akichuja asali ya mumewe kwa kitambaa cheupe, ndoo katikati ya miguu, na nyuki wachache wakizunguka kudai chao. Sebuleni shemeji yake Rashidi alisikiliza mpira redioni. Timu ya Rashidi ikafungwa. Rashidi akakipiga kiti kofi, akamtukana mwamuzi na ukoo mzima wa mwamuzi, halafu akaomba chai kwa sauti ya upole kabisa. Kule uani jicho la kulia la Mwamvita likawa jekundu kama pilipili mbivu. Akaendelea kuchuja kwa jicho la kushoto.

Nyumba yao ya mtaa wa Ipuli, Tabora, ilisifika kwa afya. Uwesu, mumewe, aliuza asali sokoni na alionja kila debe lililoingia, mengine mara mbili kwa ajili ya uhakika, na mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mwari. Bi Asmahani, mama yake Uwesu, aliogopa wezi, radi, honi ya treni na simu zinazopigwa na namba ngeni, lakini kiuno chake kilinyooka kama mchi. Najiat, wifi mtu, alirudi kwao baada ya talaka, akawa analia kutwa; na jinsi alivyozidi kulia ndivyo sauti yake ya kasida ilivyozidi kuwa nzuri, hata akawa anaalikwa maulidi ya mbali.

Mgonjwa alikuwa Mwamvita peke yake. Miguu yake ilijaa maji, na asubuhi akikanyaga sakafu aliacha nyayo za unyevu, hata kiangazi. Treni ikipiga honi, kiuno kilimkaza. Alikohoa kila Najiat alipofungua leso. Hospitali walimpima damu, wakampima mkojo, wakampiga picha, na daktari akamwambia, "Mama, vipimo vyako ni vizuri kuliko vyangu." Uwesu alifurahi sana kusikia hivyo, akamwambia jioni apike pilau.

Aliyempeleka kwingine ni Tunu, binti yao, aliyeuza simu mjini. Tunu alikuwa na mdomo. La moyoni na la ulimini kwake lilikuwa moja. "Mama, kuna yule dokta wa Kichina pale karibu na stendi," alisema. "Anashika mkono tu, anakwambia. Twende, na asali ikae."

Dokta Lan alikuwa mama wa makamo aliyeishi Tabora siku nyingi kiasi cha kujua kumwamkia mkubwa na kukataa karanga mbichi. Kiswahili alifundishwa na mwenye nyumba wake, Mnyamwezi, ndiyo maana shukrani zake zote zilikuwa "wabeja". Alimkalisha Mwamvita, akamuuliza analalaje, anatokwa jasho saa ngapi, anapenda maji ya moto au ya baridi, anaota nini. Kisha akasema, "Toa ulimi."

Mwamvita akatoa.

"Umevimba," dokta alisema. "Pembeni una alama za meno. Huu ulimi ni wa mtu anayemeza."

"Anayemeza nini?"

"Maneno."

Akamwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akavibonyeza taratibu, kwanza juujuu, kisha kwa ndani. Alieleza kwamba kila kidole kina chumba chake: hapa moyo, hapa ini, hapa figo, na mkono wa pili mapafu na wengu. Kwa kawaida chumbani hukuta upepo ulioingilia kisogoni, au baridi, au joto, au unyevu. Wakati mwingine hukuta hasira imekaa kwenye ini, huzuni kwenye mapafu, hofu kwenye figo.

"Wewe nakuta watu," alisema.

Tunu akasogeza kiti karibu.

"Hapa kwenye ini kuna mwanaume anamtukana refa."

"Huyo shemeji yangu," Mwamvita alisema.

"Kwenye mapafu kuna dada analia. Analia vizuri, kwa mpangilio."

"Wifi yangu."

"Kwenye wengu kuna bwana analamba kijiko."

"Huyo baba Tunu."

Dokta akabonyeza zaidi, akafumba macho. "Kwenye figo kuna bibi kajifunika blanketi gubigubi."

"Mama mkwe. Kavaa soksi?"

"Kavaa."

"Alhamdulillahi," Mwamvita alisema, na moyo wake ukatulia kidogo. Halafu akauliza, "Na mimi je?"

Dokta alitafuta mkono huu, akatafuta na ule, akabonyeza hadi mfupa. "Chumba cha moyo ni kitupu. Wewe humo."

Alimuuliza kwao ni wapi. Mwamvita akajibu kwamba ni Usoke, na kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, akibeba mzigo begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Mababu wa Uwesu nao walikuwa katika misafara ileile. Wao walikuwa wenye mizigo. Dokta Lan akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua inatoka mawinguni, akaleta sindano.

Alizichoma moja moja, nyembamba kama ndevu za paka: mguuni, kiganjani, katikati ya kidole gumba na cha shahada. Haukupita muda mrefu wakaanza kutoka. Kikohozi kilitangulia, kilifika barabarani, kikasubiri lori la tumbaku lipite, kikavuka. Unyevu ulishuka kitandani ukafuata mtaro kuelekea Ipuli, bila haraka. Hasira haikuwa na subira, ikapanda bodaboda. Hofu ilikataa kutoka peke yake, ikabidi dokta mwenyewe aisindikize mpaka getini na kuionyesha njia. Waendesha bodaboda wa pale kijiweni walisogeza pikipiki zao kidogo ili ipite.

Mwamvita alishuka kitandani akasikia miguu yake ikigusa sakafu kavu. Njiani alinunua ndizi za kukaanga, akazila akiwa amesimama. Alipofika nyumbani vyote vilikuwa vimeshafika. Rashidi alikuwa amelala kifudifudi na kitambaa cha maji machoni. Najiat alikohoa katikati ya kasida akashindwa kuimalizia. Uwesu alikuwa ameketi kizingitini, miguu kwenye beseni, akiitazama kama mali ya mtu mwingine.

"Mama Tunu," alisema, "naona nimepatwa na kitu."

"Ni chako, baba Tunu. Kimerudi."

"Ah," Uwesu alisema. "Basi sawa."

Asubuhi Mwamvita akapanda treni kwenda Usoke kumwona mama yake. Miaka mingi alikuwa akipanga safari hiyo, na kila alipofunga kanga zake mtu mmoja pale nyumbani alikasirika, au alihuzunika, au aliogopa, naye akarudi kitandani.

Mama yake alikuwa amelala barazani, upande mmoja, mkono kifuani. Alikuwa hivyo tangu mwaka alioolewa Mwamvita, na watu wa Usoke walidhani ni moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuufuata?"

"Kuufuata nini?"

"Moyo wako. Siku unaondoka na wakwe niliona huko utakakokwenda hutakuwa na pa kuuweka. Nikaubakiza."

Mwamvita akakaa chini. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeukataa. Kwani wewe watu wako uliwaambia kwamba unawabebea?"

"Nipe sasa. Nina nafasi."

Mama mtu alifikiri kidogo, kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto, wakashikana vifundo, na moyo ukapita, kama mtoto aliyelala anavyopokezwa toka mgongo huu kwenda mgongo ule. Mama yake akapumua pumzi ndefu, akaamka, akaenda kutwanga mihogo.

Mwamvita alibaki barazani akiusikiliza. Ulikuwa moyo wa msichana aliyetaka kuwa na mizinga yake mwenyewe ya nyuki, aliyekwea miti ya miombo akiwa amefunga kanga kiunoni, na aliyechekewa na ukoo wa bwana harusi alipolitaja jambo hilo. Ulidunda kwa nguvu bila adabu yoyote. Siku zile alizokaa Usoke alicheka hovyo, akagombana na muuza dagaa, akalia mara moja bila sababu ya mtu mwingine, na jirani mmoja akamwonyesha mti wenye nafasi ya mzinga. Akaukwea. Huko juu alikaa mpaka mama yake akamwita kula.

Simu ya Rashidi ikaja. "Shemeji," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "hali ya nyumba si nzuri. Tunaomba kikao."

Kikao kilifanyika sebuleni, redio ikiwa imezimwa. Rashidi, kitambaa machoni, ndiye aliyefungua.

"Shemeji, hakuna anayekataa kwamba ni vyetu," alisema. "Tumevitambua vyote. Lakini vilikuwa vimeshazoea kwako. Kwetu havilali."

"Mimi nina mwaliko wa maulidi Nzega," Najiat alisema, akakohoa.

"Mimi sisemi kitu," Uwesu alisema. "Nasema tu miguu haiingii viatuni."

"Kila mtu abebe lake," Tunu alisema kutoka mlangoni. "Msahafu gani umeandika mama abebe mpira wa baba mdogo?"

Wote walikubaliana kwamba binti huyu ana ulimi mkali, na kwamba itakuwa taabu kumpata wa kumwoa.

Mwamvita alikuwa amejiandaa kukataa. Maneno alikuwa nayo, moyo wa kuyasema ulikuwamo. Lakini kule stesheni treni ikapiga honi, na katika chumba cha ndani kukasikika sauti ndogo. Akaenda kutazama. Bi Asmahani, mwanamke aliyezika mume na watoto wawili bila kujikunyata, alikuwa chini ya kitanda, shavu sakafuni, akitetemeka hadi meno kugongana. Soksi moja ilikuwa imemvuka.

"Mwanangu, ni wewe?" aliuliza. "Waambie wasinichukue."

"Hakuna anayekuchukua, mama. Ni treni."

"Najua ni treni," bibi alisema, akaanza kulia. "Naijua tangu utoto wangu."

Akanyoosha mkono kutoka uvunguni. Mwamvita akaushika. Hakufanya zaidi ya hapo, na lau angelikuwa mtu mwingine yeyote mwenye mkono angefanya vilevile. Kiuno kikamkaza. Bi Asmahani akatoka uvunguni, akavaa soksi yake, akauliza kama chai ipo.

Wengine, kuona mlango umeshafunguka, hawakutaka kubaki nje. Kikohozi kiliingia kwanza, unyevu ukafuata. Hasira iligombea nafasi ya mbele. Moyo, ulipoona nyumba imejaa na hakuna aliyeukaribisha, uliondoka wenyewe kwa mguu mpaka stesheni, ukapanda treni ya Usoke. Mama yake Mwamvita aliacha kutwanga, akalala upande ili uingie.

Uwesu alimnunulia mkewe doti ya kanga nzuri sana. Alichagua mwenyewe maandishi: *Subira Huvuta Heri*.

Habari zikaenea Tabora, na hakuna aliyezibishia. Walichojifunza watu ni kwamba mkono wa mwanamke una vyumba, na kwamba ni busara kuvikagua mapema. Posa zikawa hazipelekwi mpaka binti apitie kwa Dokta Lan. Wakwe walipanga foleni pale nje na birika zao za chai. Dokta aliwaambia kwamba kipimo hiki si cha kazi hiyo. Walimwelewa, wakamshukuru, wakamletea binti mwingine.

Tunu naye alipata mchumba. Aliitwa Shaban, fundi simu wa duka la jirani, kijana mwema, mcheshi, aliyempenda Tunu kwa ulimi wake huohuo. Tunu alikubali kupimwa kwa sharti kwamba na Shaban apimwe. Upande wa bwana harusi walicheka, wakasema vijana wa siku hizi, haya.

Alikuja shangazi yake Shaban, mama mnene mwenye goti bovu, aliyepanda ngazi tatu za dokta kwa kusimama kila ngazi na kumtaja Mungu. Mwamvita alikaa pembeni, miguu yake ikilowesha mkeka.

Dokta Lan alianza na Shaban. Aliweka vidole, akasikiliza muda mrefu, akabadili mkono.

"Mkono huu ni mpana kama ukumbi wa harusi," alisema. "Viti vimepangwa. Taa zinawaka. Hamna mtu hata mmoja."

"Mashaallah!" shangazi alisema. "Mzima kabisa mwanangu."

"Nasema ana nafasi. Anaweza kubeba wengi."

"Tumesikia, dokta. Mzima. Hongera, baba."

Shaban akainamisha kichwa kwa haya, akashusha mkono wa shati.

Kisha Tunu. Dokta alimshika kwa uangalifu, kama anayebisha hodi. "Ini lina mwenyewe," alisema, "na ana kelele. Moyo una mwenyewe. Vyumba vingine..." Akamtazama Mwamvita. Mwamvita akatazama mkeka.

"Vyumba vingine je?" shangazi aliuliza.

"Viko wazi."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka watu wa foleni wakapokea. Alimvuta Tunu kifuani, akamwita mkwe, akambusu kipaji, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili na kukitikisa kwa furaha. Baadaye akaaga. Alishuka ngazi zote tatu bila kusimama, akaruka mtaro, akapanda bajaji akiimba.

Tunu aliinuka amfuate. Goti la kushoto likamkatalia, akarudi kitini.

Shaban, ambaye ni kijana mwema na hakuna anayebisha, akamuuliza kama amechoka.