Kilemba cha Usingizi

Nchi ya Maghururi hakuna ramani iliyowahi kuichora, ingawa wengi wetu tumepita mpakani mwake. Mji wake mkuu uliitwa Kusinzia, na fahari ya Kusinzia ilikuwa chuo kikuu. Desturi ya chuo hicho ilikuwa hivi: mwanafunzi aliyetaka kuhitimu alisoma risala yake mbele ya hadhara, na hadhara iligawiwa mito mlangoni. Wakilala nusu, amefaulu. Wakilala wote, huvikwa kilemba. Elimu ni bahari, walisema, na aliyeeleweka amebaki ufukoni. Mkuu wa chuo, Profesa Mzungumkuti, alikuwa na vilemba viwili.

Bayana binti Juhudi, mtoto wa wakulima, aliandika juu ya fukusi wanaokula mahindi ghalani. Alianza kwa taadhima nyingi, kurasa kumi zikaisha na mdudu hajaonekana. Akaipeleka risala kwa Bi Usikivu, mwalimu aliyepewa chumba cha uani, nyuma ya jiko, awasaidie waandishi waliokwama. Bi Usikivu hakushika kalamu. Alimwambia asome kwa sauti, na mwanafunzi mwenzake Tashtiti asikilize.

"Hebu ngoja, dada," Tashtiti akamkatiza, "fukusi ameingia saa ngapi? Mimi bado niko kwenye dibaji natafuta mlango."

Bayana akanuna. "Wewe lugha ya kitaalamu huijui."

"Mwanangu, usigombane na sikio," akasema Bi Usikivu. "Mweleze kama unavyomweleza mama yako ghalani, kisha andika hivyo hivyo."

Akaandika, akafuta, akarudi kusoma, majuma yakapita, hata Tashtiti akakosa la kutania.

Siku ya mtihani hakulala mtu. Wengine, astaghfirullahi, waliuliza maswali! Mzungumkuti akamshtaki kwa Mfalme Jaha: binti amevunja desturi, afukuzwe, na chumba cha uani kifungwe.

Barazani profesa alisimama akanena juu ya asili ya misingi ya chimbuko la taratibu, na adhuhuri haijafika mfalme alikuwa anakoroma. Watu wakatazamana. Kumgusa mfalme kulikuwa haramu, na aliyelala hawezi kuhukumu.

"Hongera, Profesa, umeshinda," kadhi akanong'ona.

"Nimeshinda, lakini nani atanihukumia?"

Bayana akasogea mbele. "Mfalme, mahindi yako yanaliwa."

Jicho moja likafumbuka. "Na nani?"

"Na fukusi. Yaliingia ghalani mabichi. Yaanikwe mpaka yakauke kabisa, kisha yachanganywe na majivu makavu."

Mfalme akaketi wima. "Mbona sikuambiwa mapema?"

"Uliambiwa, Mfalme wangu," Mzungumkuti akajibu kwa unyenyekevu. "Mwaka jana, nami mwenyewe, tangu asubuhi hadi alasiri."

"Nikafanya nini?"

"Ulilala fofofo. Ndipo nikapata kilemba cha pili."

Baraza zima likaangua kicheko, na mfalme naye hakuweza kujizuia. Bayana alihitimu siku ile ile, kichwa wazi. Mito ya chuo ikafumuliwa, vitambaa vyake vikashonwa magunia ya mahindi.

Na juma lililofuata, kwa amri ya mfalme, Mzungumkuti aliinama kupita mlango mfupi wa chumba cha uani, risala kwapani. Tashtiti akamvutia kigoda.

"Karibu, Profesa, shikamoo. Haya, tuambie: fukusi ameingia saa ngapi?"