Namba Zilizokataa Kutulia

Ijumaa moja ya mwaka 1953, Stanslaus, karani wa mgodi, alikuwa amekwisha kutafuna penseli mbili na ameanza ya tatu. Mezani palikuwa na mchoro wa ukuta wa tanuri jipya la kuyeyushia dhahabu, umegawanywa miraba kama shuka la kihindi. Kila mraba ulikuwa na namba ya joto lake. Kazi yenyewe ni hii: unakisia, unatazama miraba minne ya jirani, unasahihisha, unarudia mpaka namba zitulie.

Wapi! Hazikutulia.

"Shikamoo, Mama Athanas. Usinitimulie vumbi."

"Marahaba." Scolastika, mfagiaji wa ofisi, aliegemea ufagio. Alisoma mpaka darasa la nne, na macho yake hayakuwa na adabu. "Mraba huu jana mia tisa, leo elfu na mia nne. Una homa?"

"Kesho mia tisa tena! Ndani ya ukuta kuna uwazi, na joto linauvuka kama mwanga. Moto ukizidi mara mbili, mwanga wake unazidi mara kumi na sita. Nikigusa kidogo tu, zinaruka kama mbuzi."

"Zisipotulia?"

"Bwana mhandisi kesho anaanza kujenga kwa kukisia. Tofali safu moja."

Scolastika aliacha kutabasamu. Atakayesimama nyuma ya safu hiyo na koleo ni Athanas, mwanawe.

"Namba ikikosea, unaisahihisha kiasi gani?"

"Yote inavyotaka."

"Mayo, mama wee! Nilipoolewa Samuye, nilimwekea baba mkwe maji ya kuoga. Akipiga kelele 'yanaunguza', namwaga ndoo ya baridi. Akipiga kelele 'yanagandisha', namwaga ya moto. Mji mzima ulisimama kutusikiliza! Nikajifunza: akilia ndoo, mpe nusu ndoo. Akilia tena, nusu ya hapo. Mpe nusu, mwanangu."

Stanslaus alicheka, kisha akajaribu kwa kumridhisha tu. Elfu na mia nne. Elfu na mia moja na hamsini. Elfu na themanini. Elfu na sitini na mbili. Elfu na hamsini na tisa. Hamsini na nane. Hamsini na nane!

"Imekaa!" Alipiga meza, wino ukamwagika. "Zote zinakaa!"

Wakazisukuma namba mraba kwa mraba mpaka ukingo wa nje wa ukuta, yeye akihesabu, Scolastika akimsomea namba za miraba ya jirani kwa sauti. Safu moja: digrii mia na arobaini, ngozi ya mtu ingebaki ukutani. Safu tatu: arobaini na sita. Karani alitoka mbio na karatasi kwa bwana mhandisi, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza.

Ukuta ulijengwa safu tatu. Siku ya kuwasha, moto ulinguruma tangu alfajiri, na wanaume wakarudi nyuma. Kipimajoto cha nje kilipanda, kikasimama kwenye arobaini na nane.

Athanas akaokota koleo.

"Ngoja," alisema mama yake. Akakibandika kiganja chake ukutani, akahesabu taratibu mpaka kumi, kisha akageuka na kumpisha.