Kumi na Saba Haigawanyiki

Usingizi unamchukua Mwanakheri mchana kweupe, kichwa mezani, mbele ya kompyuta iliyomgomea. Anaandika programu ya kuvunja namba katika vigawo vyake, nayo haijui pa kusimama. Sebuleni mama mkwe amejaa kwenye kochi tangu asubuhi, anasubiri jibu: Mwanakheri anaridhia mumewe Badi aongeze mke, au haridhii? Ndoa haijaleta mtoto, na jina la tasa limeshamganda. Basi kioo cha kompyuta kinalainika kama uji, anazama, anatokea njia panda akiwa na namba thelathini na nne mkononi. Mtu asiye na uso anamwambia agawe, ashike njia. Anagawa kwa mbili, ile mbili anaitia begani, anabaki na kumi na saba. Mji unaofuata ni ule ule wa kwao, ila umegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia, na vibarazani wamekaa wanawake wasio na nyuso, wamepakata vichanga. Anajaribu mbili, mlango haufunguki, anarudi. Anajaribu tatu, anarudi. Nne, anarudi, na kila akirudi mji umehama kidogo na mabega yanazidi kumuuma, kwa sababu hatui alichokijaribu. Kosa lake ni hilo hilo hata kwenye programu, anarudi na mzigo wa njia iliyoshindikana. Tua, anasema asiye na uso, ukirudi rudi mtupu. Anatua. Anauliza mbona milango haifunguki. Umeshika namba tasa, anajibiwa, kumi na saba haigawanyiki. Wanawake wanacheka, naye analia, maana hata huku wameshamjua. Asiye na uso hacheki. Anamtegea kitendawili: njia zote za mji huu zinaishia kwa nani? Mwanakheri anazifuata kwa macho, kila moja inagawanyika, inagawanyika tena, mpaka inamkuta tasa na kusimama. Zinaishia kwangu, anasema. Na usipokuwepo? Hazifiki popote. Uchungu haumtoki, lakini sauti ameipata. Mimi sigawanyiki, anasema, na mji mzima unatikisika.

Anainua kichwa, vitufe vimemchora shavuni. Badi amesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, uso hauonekani. Nimekusikia, anasema, na mama amekusikia. Mwanakheri anataka kumuuliza wamesikia nini, na wakiwa upande gani. Badi anashika njia ya sebuleni, anakata kushoto. Sebule yao iko kulia. Mwanakheri anamwita kwa jina, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Hageuki.