Uzito wa Mama

Chuma kilipanda. Nilikiona kwenye kioo kimefika usawa wa mapaja, mikono iliyokishika ni yangu, na bado sikuamini.

"Kocha, umenisaidia?"

"Nimekusaidia na nini? Mikono yangu si hii hapa, imeshika chai!"

Kocha alikuwa binti mwembamba, mdomo hauna breki. Jimu nzima iligeuka, maana nilipiga yowe kama niliyeona nyoka. Kilo sitini na mbili! Mimi, fundi cherehani, ambaye kizito nilichozoea kunyanyua ni pasi.

Nilikwenda pale kwa sababu ya Mama. Baada ya kiharusi miguu yake ilikataa kazi, na siku moja akaniponyoka bafuni, akaanguka. Nilimvuta, nikamsukuma, wapi! Mwishowe nikakimbia kumwita jirani, mchomelea mageti, akaja akambeba Mama akiwa na taulo tu. Alimbeba kwa heshima, uso kaugeuzia ukutani. Lakini jioni Mama akaniita kitandani.

"Mwanangu," akasema, "heri ungeniacha pale pale sakafuni."

Nilishtuka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo alikataa katakata kupelekwa bafuni. Nikawa namfuta kwa kitambaa kitandani.

Siku ya kwanza jimu nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Suruali niliazima kwa mdogo wangu, inanibana kila mahali, nami nimejibanza karibu na mlango ili nikichekwa nitoke mbio. Kocha akanifuata.

"Dada, hapa hakuna anayekutazama. Kila mtu anajitazama mwenyewe."

Kweli bwana! Jibaba moja lilikuwa mbele ya kioo linabusu msuli wake. Nikacheka, na kesho yake nikarudi.

Nilimweleza Kocha ninachotaka: kumbeba mama yangu mwenyewe, asiguswe tena na mtu baki. Akauliza ana kilo ngapi. Nikamtajia sitini na mbili, zile nilizozikumbuka kutoka kliniki, kabla hajaugua. Tukaanza na mti wa ufagio: kunja magoti, mgongo ukaze, kifua mbele. Kikaja chuma kitupu, kisha chenye sahani za uzito. Taratibu nikauacha ule mlango. Nikawa nasimama katikati ya ukumbi na kuwaambia wanaume wasogee.

Siku chuma kilipopanda nilirudi nyumbani nikikaribia kukimbia.

"Mama, leo nakupeleka bafuni mwenyewe."

"Utavunjika kiuno! Unadhani mimi mto?"

Nikapitisha mikono chini yake, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikanyanyua kwa nguvu zangu zote.

Nusura nimrushe. Niliyumba kinyumenyume mpaka kabatini, Mama kifuani. Hakuwa na uzito. Mungu wangu, nilikuwa wapi? Magauni yake nilikuwa nikiyabana mwenyewe kwa cherehani, nikisema kitambaa kimelegea.

Mama alikuwa anacheka, mkono shingoni mwangu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

"Loo! Kumbe una nguvu hivi! Lakini nitue upumzike, mimi mzito."

"Mzito kweli, Mama," nikasema.

Akafurahi. Nikampeleka bafuni polepole, nikihema kama niliyebeba gunia.