Mwanamke wa Wimbo wa Sita

Wilmar Techera alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa moja: albamu ya bendi ya Los Paraguas iitwayo *Unyevu*. Ukiisema vibaya hiyo, umemtia kidole jichoni. Kaka yake Heber alimwachia albamu hiyo kwenye kaseti siku alipohamia Uhispania, na tangu hapo Wilmar hakutaka kusikia nakala nyingine.

"Mwenye kaseti hii," alikuwa akisema, "santuri ataitafutia nini?"

Utamu wote kwake ulikuwa wimbo wa sita. Katikati, gitaa likilia peke yake, mwanamke anasikika kwa mbali: "Leo tarehe ishirini na tisa. Ñoki zinapoa. Mnakuja au hamji?" Anaita mara mbili, hakuna anayemjibu, kisha ngoma zinarudi. Ni kweli, mtaa mzima wa La Teja hula ñoki tarehe hiyo, madonge ya viazi kwenye mchuzi, na noti chini ya sahani ili mwezi ujao usiwe mkavu. Lakini kumwingiza mama wa jikoni ndani ya roki, alisema Wilmar, kunataka kichwa. Kila akimsikia aliirudisha kaseti nyuma amsikie tena, asijue kwa nini. Mashabiki waliousifu wimbo huo bila kumtaja mwanamke yule aliwaona viziwi, akawahurumia.

Sasa Los Paraguas, wenye vitambi na dawa za shinikizo la damu, walikubali kupiga katika klabu ya mtaa, Jumapili ya tarehe ishirini na tisa, baada ya chakula cha mchana. Ikaamuliwa shabiki mmoja aisifu *Unyevu* mbele yao, na wimbo atakaouomba wataupiga. Wilmar aliipigania nafasi hiyo kwa kucha na meno. Aliyeshindwa ni Nelson Píriz, muuza samaki, naye kinyongo alikuwa nacho bado.

Sahani zilipokwisha kuondolewa, Wilmar akasimama na shati lake jipya.

"Yule mwanamke wa wimbo wa sita ni nchi hii," alisema. "Tunaitwa mezani, hatuendi, chakula kinapoa. Ningeomba muupige huo. Na Gonzalo, hebu niambie, yule mama mlimpata wapi?"

Gonzalo, mwimbaji, alimtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma akatazama dari.

"Mama gani, mzee? Mle studioni tulikuwa wanaume wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mchumba."

"Wilmar," Nelson alidakia kutoka nyuma, "huyo anayekuita ni njaa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wilmar akaitoa kaseti mfukoni, akaitumbukiza kwenye redio kuukuu ya klabu. Wasikie wenyewe, waone aibu. Gitaa likalia, mwanamke akaita, na nyuma yake, waziwazi, kijiko kikagonga sufuria.

Watu walicheka hadi machozi. Gonzalo alishika meza asianguke.

"Mtu ameunasa wimbo wetu kutoka redioni," alisema akihema, "na kinasa sauti kakiweka jikoni."

Wilmar alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote hiyo alikuwa akiwahubiria watu sufuria.

Ndipo shangazi Nelly, dada mkubwa wa baba yake, akatoka jikoni na unga mikononi. "Nani kaweka hiyo? Irudishe nyuma."

Ikarudishwa. Alisikiliza huku akifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

"Ni Delma," alisema. "Wilmar, huyo ni mama yako. Anawaita Heber na baba yako. Wewe umo mikononi mwake, na kijiko hicho ni chako. Ulikuwa hutuachii sufuria."

Delma alifariki Wilmar akiwa hajajua kutembea. Picha zake alikuwa nazo. Sauti yake hakuna aliyemwambia kwamba anayo, na Heber pengine alidhani anajua.

Nelson alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Mtoto anashika mapigo," mpiga ngoma alisema taratibu. "Kunishinda mimi."

Gonzalo akachukua gitaa. "Ombi lako liko palepale? Shangazi, tusaidie."

"Mimi siimbi."

"Usiimbe. Ita watu waje kula."

"Hiyo naiweza tangu kuzaliwa," alisema Nelly, akarudi kusimama mlangoni mwa jikoni.

Wakaupiga wimbo wa sita. Katikati gitaa likabaki peke yake, na Nelly akaita: leo tarehe ishirini na tisa, ñoki zinapoa, mnakuja au hamji? Akaita mara ya pili. Mpiga ngoma aliinua fimbo zake, akamtazama Wilmar usoni, akangoja.

"Nakuja, mama," alisema Wilmar, akavuta kiti, akaketi mezani.