Betri Haiugui Baridi

Mwezi wa saba ukiingia Sumbawanga, baridi haibishi hodi. Inapita chini ya mlango, inakaa na watu mezani, inalala nao kitandani. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Fabiani, mtoto wa Kalista, alipoanza kufungua betri ya pikapu yao kila jioni na kuiingiza jikoni. Aliiweka juu ya ubao karibu na mafiga, akaifunika blanketi kama mgonjwa wa malaria. Asubuhi anairudisha garini, anawasha, gari linakoroma, linasitasita, halafu linawaka.

Pale mtaani wengi walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Walisema baridi ya Ufipa inaua betri, na aliyebisha alionekana mgeni. Redempta, wifi yake Kalista, alikuwa akija kuomba chumvi anauliza kama huyo mgeni wenu wa blanketi ameshakula, au anasubiri ugali wa ulezi. Wote wanacheka, na betri imetulia pale motoni, haisemi kitu.

Kalista alicheka pia, lakini si sana. Yeye alikuwa mama wa kuogopa. Alikuwa ameona taa nyekundu yenye picha ya betri mbele ya dereva, haizimi hata gari likiwa linakimbia. Alikuwa amesikia pia mlio kule mbele kwenye injini, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Alipomuuliza Fabiani, aliambiwa, mama, si unaona picha yenyewe ni ya betri, basi betri inasikia baridi. Na ile betri ilikuwa mpya, ilinunuliwa mwezi wa sita tu. Kalista alisoma darasa la saba tu, magari hayajui, lakini alijiuliza moyoni: ya zamani ilikufa kwa baridi, hii mpya nayo inakufa kwa baridi, mbona baridi ya nyumba hii ina chuki na betri tu?

Angeweza kunyamaza kama kawaida yake, ila safari hii kulikuwa na Leonia.

Leonia ni binti yake, dada yake Fabiani, ameolewa Milepa, kule bondeni, na Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe na mashamba. Alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji, na nesi wa zahanati alikuwa amesema waziwazi kwamba safari hii asijaribu kuzalia nyumbani, apandishwe mjini hospitali kabla uchungu haujaanza. Masanja alipiga simu Alhamisi kusema miguu ya mke wake imevimba na tumbo limeshuka. Fabiani akajibu kwamba Jumamosi alfajiri atashuka kumchukua.

Anayeijua njia ya Milepa anajua maana ya kushuka. Unaiacha nchi ya juu, unaingia kwenye kona za mlima, upande huu ukuta wa mawe, upande ule hakuna kitu. Asubuhi za baridi ukungu unalala palepale kwenye kona. Kalista aliwaza gari likizima hapo, na Leonia ndani. Usingizi ukamruka.

Ijumaa asubuhi alipanda pikapu bila kuitwa, akamwambia Fabiani waende kwanza kwa Cleophas, fundi umeme wa magari. Fabiani alinung'unika njia nzima. Alisema alteneta aliipima mwenyewe mwezi uliopita: alichomoa waya wa betri gari likiwa linaunguruma, na halikuzima, kwa hiyo alteneta ni nzima.

Cleophas aliposikia hivyo alitikisa kichwa, akacheka kidogo. Akasema na yeye alifundishwa kupima hivyo, mpaka alipounguza alteneta ya padri. Waya wa betri hauchomolewi injini ikiwaka. Umeme unaruka unaunguza vitu vya ndani. Kisha akaweka mita kwenye betri, injini ikiwa imezimwa, akaangalia. Akamwambia Fabiani awashe, akaangalia tena. Mshale haukupanda hata kidogo.

"Shikamoo tena mama," akamwambia Kalista, "maana nina habari mbaya. Betri yenu haiumwi. Ina njaa."

Akawaeleza polepole. Gari likitembea, mkanda unazungusha alteneta, na alteneta ndiyo inayoilisha betri. Hii ya kwao kaboni zake zimelika, beringi yake imechoka, ndiyo hiyo inayolia kama nyuki. Kwa hiyo betri inatoa kila siku na haipewi. Ule moto wa jikoni unaichangamsha tu, kama mtu mwenye njaa anayeota jua. Tena waache mara moja, betri ina hewa inayoweza kulipuka karibu na moto.

Fabiani aliinamisha uso. Akauliza kama inaweza kubadilishwa leo leo. Cleophas akasema alteneta ya gari lile haipo mjini, ameshawahi kuitafuta, ila ataagiza Mbeya, ije kwa basi la kesho.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Fabiani alisema basi betri ichajiwe usiku kucha kwa mashine, ijae, washuke alfajiri kama walivyoahidi. Betri iliyojaa itawafikisha Milepa na kuwarudisha. Wakamgeukia fundi.

"Sikudanganyi mama," Cleophas alisema. "Inaweza ikafika. Na inaweza ikazima kwenye kona. Ukiwasha taa kwa ajili ya ukungu, inakula mara mbili."

Kalista alisimama pale gereji, mikono ndani ya khanga. Akichelewa, Leonia anaweza kushikwa na uchungu bondeni. Akiwahi, anaweza kumpakia mtoto wake kwenye jeneza lenye magurudumu. Aliuliza gari la kukodi. Dereva mmoja tu alikubali kushuka Milepa, naye alikuwa amepeleka msiba kijiji cha Kate. Malori ya mahindi yapo, lakini mwanamke mwenye kovu la upasuaji unamwekaje juu ya magunia?

"Tunasubiri," akasema.

Masanja hakufurahi. Kwenye simu alisema mama, huku siyo kuchelewa mnada wa ng'ombe. Kalista alimwacha aseme yote, kisha akamwomba Leonia ahamie kwa jirani anayekaa karibu na zahanati, asibebe hata ndoo.

Jumamosi basi lilifika mchana. Cleophas alifungua kwanza waya wa hasi wa betri, akalegeza mkanda, akatoa alteneta ya zamani. Akaiweka juu ya gunia pamoja na ya mtumba iliyotoka Mbeya, akalinganisha puli, soketi na matundu ya bolti, kwa sababu, alisema, mtumba hufanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia. Mkanda nao ulikuwa na nyufa, akaweka mwingine, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka akaridhika. Fabiani alishika spana na hakusema neno la baridi. Gari lilipowaka, mshale wa mita ulipanda, na kule mbele pakawa kimya.

Wakashuka jioni hiyohiyo jua likiwepo, wakamchukua Leonia kwa yule jirani, wakalala kwa Masanja ili wasipande mlima usiku. Alfajiri Leonia aliamka ameshika kiuno.

Wakampakia mbele, kati ya mama na kaka, Masanja akabaki na ng'ombe. Kupanda mlima kulikuwa na ukungu mzito kama maziwa ya mgando. Fabiani aliwasha taa zote, na waipa, akaenda taratibu. Kalista alikuwa anahesabu rozari kwa vidole. Kwenye kona ya juu, mwanga wa taa ulidaka matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani. Fabiani akakanyaga breki. Mbele yao, hatua chache tu, kulikuwa na lori dogo, kantari, limesimama gizani katikati ya njia, halina hata taa ya nyuma.

Dereva wake alikuja dirishani anatetemeka. Akasema betri imekufa, baridi hii, mshikaji, huna ya kuniazima?

Fabiani alimwangalia mama yake, halafu dada yake aliyekuwa anauma khanga.

"Siyo betri, kaka," akasema. "Nikishamfikisha huyu, nitakuletea fundi."

Akalizunguka kantari kwa upande wa ukuta, taratibu, wakaufikia mji jua likichungulia. Leonia aliingizwa chumba cha upasuaji moja kwa moja. Daktari alisema kovu lilikuwa limeanza kuvutika, wasingesubiri zaidi. Fabiani akageuza gari kwenda kumchukua Cleophas.

Mtoto alikuwa wa kike. Kalista alipompigia Masanja, alimkuta bado ana kinyongo. Akamwambia bila kupandisha sauti:

"Baba, jana tulichelewa ili leo tusichelewe."

Masanja akauliza kama mke wake ameshapewa uji.